Maswali ya Wasomaji: Njia ya kinamasini, Prestonpans 1745

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye mjadala wetu wa historia mwenzangu alisema waasi wa Skoti walilishinda jeshi la mfalme wa Uingereza mwaka 1745 kwa bahati ya giza tu. Ni kweli?
– Mwanafunzi wa kidato cha sita, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi sikubaliani na mwenzako, maana anamsahau kijana mmoja anayestahili heshima: Robert Anderson.

Jenerali John Cope, mkuu wa jeshi la mfalme, alipachagua vizuri mahali pake karibu na Prestonpans, mji wa pwani huko Skoti. Nyuma yake bahari, mbele yake kinamasi. Wajakobaiti, yaani waasi hao, waliotaka ukoo wa Stuart urudi kwenye kiti cha enzi, waliukagua mchana ule uwanja wakaona kwamba kushambulia moja kwa moja ni kuzama topeni huku wanapigwa risasi.

Anderson, aliyekuwa upande wa waasi, alikuwa mwenyeji, na alizoea kuwinda ndege katika kinamasi kile. Wewe wa Kirumba utanielewa: mgeni akitazama mafunjo ya ziwani huona ukuta, mvuvi huona mlango. Wakubwa walipokaa kikao hakuthubutu kusema. Usiku ndipo alipomwendea Lord George Murray, jenerali wa waasi, na kumweleza kwamba iko njia. Murray hakumfukuza. Alikwenda kumwamsha Prince Charles, mwana mfalme wa ukoo wa Stuart aliyeongoza uasi, aliyekuwa amelala kondeni, naye akakubali papo hapo. Hapo ndipo ninapouona ushindi wenyewe.

Kabla ya alfajiri ya tarehe 21 Septemba walipita watatu watatu, kimya, Anderson akiwaongoza. Mwana mfalme mwenyewe aliruka mfereji akaangukia magoti. Walitokea mashariki, ubavuni mwa Cope, penye nchi kavu.

Doria za Cope ziliwagundua, akawahi kuligeuza jeshi lake. Kwa hiyo hakukutwa usingizini, kama wengi wanavyosimulia. Ila kinamasi hakikumkinga tena, na askari wake wengi hawakuwa wamewahi kuona vita. Wapiga mizinga walikimbia, wapanda farasi wakafuata. Robo saa haikwisha. Waliotekwa walizidi elfu moja.

Mwambie mwenzako asome pia habari za Aprili 1746. Wajakobaiti hao hao walikwenda usiku kuivamia kambi ya adui huko Nairn. Giza lilikuwepo, tena nene, nalo likawachelewesha. Kukapambazuka kabla hawajafika. Walirudi hoi, wana njaa, na siku hiyo hiyo wakavunjwa katika vita vya Culloden, huko huko Skoti.