Kwa mnaoanza ufundi magari huku Nyanda za Juu: pimeni kwanza

Wadogo zangu mnaoingia gereji za Mwanjelwa na Uyole kwa mafunzo ya vitendo, kitu kimoja nataka kiwakae kichwani kabla hamjashika spana: kifaa hakibadilishwi mpaka kimepimwa. Mteja aliyeuziwa pampu mpya wakati ya zamani ilikuwa nzima ameibiwa, hata kama fundi hakukusudia.

Anzeni na gari linalochemsha, maana huku kwetu ndilo mwalimu mzuri. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Ndani ya rejeta, kinachoyazuia yasichemke mapema ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko. Juu yake mara nyingi utakuta 0.9 au 1.1 (takriban bar), hicho ndicho kiasi cha mgandamizo kinachotakiwa kushikiliwa. Raba ya kifuniko ikichoka, gari lililokuwa linavumilia Dar es Salaam litaanza kutapika maji likipanda huku. Asiyepima atakimbilia kufungua silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Wewe kagua kifuniko, tafuta panapovuja, angalia mkanda na feni, hedi iwe ya mwisho. Na injini ikiwa ya moto, kifuniko kile usikiguse kabisa.

Mtakuta pia mafundi wazoefu wanang'oa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa ili injini ipoe. Hapo sikubaliani nao, hasa kwa baridi yetu ya Juni na Julai. Injini isiyofikia joto lake huendelea kupewa mafuta mengi kama iliyowashwa sasa hivi. Inakula petroli na oili inachafuka upesi. Kuipima themostati ni kazi ndogo: itundike kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha taratibu, uone inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Nyingi za Toyota ni karibu 82. Ikibaki imefunga mpaka maji yanatokota, hiyo imekufa. Nunua nyingine, usiache pengo.

Breki ndizo zinazoninyima usingizi. Dereva atakuja akuambie kwamba alipokuwa anashuka mteremko wa Kitonga pedali ilizama hadi chini, lakini sasa iko sawa. Ukiikanyaga gereji utaikuta ngumu, na utashawishika kumwambia aende salama. Usimruhusu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hustahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu diski zinapata moto, mafuta yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea, hausukumi pedi. Yakipoa, pedali inarudi na ushahidi unapotea. Muulize dereva mafuta yalibadilishwa lini. Kama imepita miaka miwili au hakumbuki, yatoe yote, weka mapya, toa upepo kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne. Mfundishe pia kushuka na gia ndogo.

Kwenye umeme sitakaa sana. Nunueni mita ya kupimia umeme mapema, hata ya bei ndogo. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, injini ikiunguruma, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5 kwa magari mengi. Gari likigoma asubuhi ya baridi, pima betri, kisha pima waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, wakati stata inazunguka, kabla hujamlaumu stata.

Mashine ya kusoma kodi za hitilafu, zile namba zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, nayo itumieni kwa akili. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haisemi sensa gani imekufa. Inaweza kuwa mpira uliopasuka baada ya kisafisha hewa, au pampu ya mafuta iliyochoka. Tafuteni upepo unaoingia, pimeni presha ya mafuta, ndipo mwandike orodha ya vipuri. Na kabla hamjaingia chini ya gari kutafuta hayo yote, wekeni stendi na mawe kwenye magurudumu. Jeki peke yake haitoshi.