Kufuta mteja mwenye oda

Hifadhidata inakataa kumfuta mteja kwa sababu jedwali la oda bado lina rekodi zinazotaja namba yake. Futa oda kwanza, kisha mteja, yote ndani ya muamala mmoja (BEGIN hadi COMMIT). Hatua moja ikikwama, ROLLBACK hurudisha kila kitu. Ukitaka ijifanyie yenyewe, weka ON DELETE CASCADE (ukifuta mteja, oda zake zinafutwa pia) kwenye ufunguo wa kigeni (foreign key, yaani safu oda.mteja_id inayomtaja mteja), ila kwa ankara na malipo nisingethubutu: DELETE moja inafagia historia yote. Kwenye PostgreSQL, tengeneza pia faharasa (index, ya kupata rekodi haraka) ya oda.mteja_id. Haijiundi, na bila hiyo kila ufutaji wa mteja unapekua jedwali zima la oda. SQLite? Haikagui funguo za kigeni kwa kawaida; washa PRAGMA foreign_keys = ON kila unapounganisha.