Kiwiko kilichokakamaa baada ya plasta: mwache mtoto akikunje mwenyewe

Plasta ikishakatwa, mzazi hutegemea kuuona mkono uleule wa zamani. Unaotoka ni mwembamba, ngozi inabanduka magamba, vinyweleo vimeongezeka, na kiwiko kimeganda kwenye pembe ileile kilipofungwa. Binti yangu alivunjika juu kidogo ya kiwiko. Ndivyo watoto wengi wa miaka 5 hadi 7 wanavyovunjika wanapoanguka na kutanguliza mkono. Alipotolewa plasta aliukumbatia mkono wake kifuani, na hakutaka hata mimi niuguse.

Huo ndio wakati ambao watu wenye nia njema huanza kumuumiza mtoto. Mmoja anataka kuuchua kwa nguvu, mwingine anasema abebeshwe ndoo ili mzigo uunyooshe mkono, mwingine anashauri uvutwe kidogo kidogo kila jioni. Mama mkwe alikuja na mafuta tayari. Nilimwambia, "Mama, mpake tu ngozi ilainike, kiwiko tusikiguse," naye akanielewa.

Kiungo kisichotumika kwa wiki 3 au 4 lazima kikakamae. Utando unaokizunguka hujikunyata, misuli hunywea, na pale palipovimba hubaki pamekaza. Kuna na woga. Mtoto anayengoja maumivu huikaza misuli yake yote, nawe unadhani kiungo kimegoma kumbe anajihami. Nilikuwa nikimtazama binti yangu akiwa usingizini na kuona mkono umenyooka kuliko ulivyokuwa mchana kutwa.

Ndiyo maana kuvuta hakusaidii, na kwa kiwiko kuna hatari zaidi. Kulazimishwa kunaweza kuchana misuli na kuvujisha damu ndani, kisha mfupa ukaota mahali palipopaswa kuwa na misuli, na hapo kiungo kikafungwa kweli. Nao mfupa unaounga pale palipovunjika bado haujakomaa. Mtoto akikunja mwenyewe, huishia pale mwili wake unaporuhusu, na kesho hufika mbele kidogo.

Kwa hiyo kazi yangu ikawa kumtafutia sababu za kukunja na kunyoosha bila kumtajia neno mazoezi. Maji ya uvuguvugu yalitufaa kuliko kitu kingine chochote. Akiwa anaoga nilimpa kitambaa akikamue, vikombe vya kumimina maji, na sponji ya kufikisha bega la upande wa pili. Mezani alikula kwa mkono huo, hata kama chakula kilimwagika. Kukunja kulikuja kwa kijiko, kwa kuchana nywele, kwa kugusa sikio. Kunyoosha kulikuwa kugumu zaidi: tulisukumiana mpira mezani, nikabandika karatasi ukutani juu kidogo ya alipoweza kufika ili achore. Dakika chache, mara nyingi kwa siku, na akilia tunaacha. Niliwaomba pia kaka zake waache kumpa vitu kwenye mkono mzima.

Mpige picha mara moja kwa wiki, mkono ukiwa umenyooshwa kadiri anavyoweza, kisha ukiwa umekunjwa. Kwa macho ya kila siku hutaona mabadiliko na utakata tamaa bure. Kwetu kukunja kulirudi mapema, lakini nyuzi (digrii) za mwisho za kunyoosha zilichelewa sana. Mwendo mwingi hurudi katika miezi ya kwanza, na mabadiliko madogo yanaweza kuendelea hadi mwaka mzima.

Je, fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, inahitajika? Kwa mvunjiko huu wa juu ya kiwiko usio na matatizo mengine, uchunguzi uliolinganisha watoto waliopelekwa fiziotherapia na wasiopelekwa haukuona faida ya kuwapeleka. Sisi tulimwona mtaalamu kwa muda mfupi, na alichotusaidia hasa ni kupima pembe na kutufundisha michezo. Hali ni tofauti kama mvunjiko uliingia ndani ya kiungo, kama mshipa wa fahamu uliguswa, kama mtoto ni mkubwa karibu na ujana, au kama wiki zinapita na picha zako hazionyeshi tofauti yoyote. Hapo mtafute mtaalamu aliyezoea watoto. Akiushika mkono na kuusukuma huku mtoto anapiga kelele, mwambie aache. Una haki hiyo.

Kwa mguu mambo yanafanana, ila mtoto anaweza kuchechemea kwa wiki kadhaa. Mwache atembee kwa mwendo wake ikiwa daktari amesharuhusu aukanyage.

Kuna dalili za kumrudisha hospitali bila kungoja miadi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uvimbe mpya, homa, vidole vya baridi, vilivyopauka au vyenye ganzi, au mkono uliokuwa umeanza kulegea kisha ukarudi kukaza. Na kabla hajarudi shuleni, zungumza na mwalimu wake. Kuandika na kuchora ni ruksa na kunamsaidia. Kupanda miti, baiskeli, kuruka na michezo ya kusukumana isubiri mpaka daktari aseme mfupa umekomaa, kwa sababu akiangukia mkono huo mapema unaweza kuvunjika palepale.