Blogu ya zamani ya Blogspot: ihifadhi pamoja na picha zake

Blogu nyingi za Kiswahili za miaka ya 2000 bado ziko Blogspot, na wenyewe wengi wameacha kuziandikia. Mule ndani kuna mechi za mchangani, harusi, mitaa ambayo leo imebomolewa. GeoCities, huduma ya zamani ya kurasa za bure, ilifungwa Oktoba 2009 na kurasa nyingi zikapotea. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipodai leseni, wapo wanablogu waliofunga. Ukiona ukurasa unaoujali, usichelewe kuuhifadhi.

Kwa ukurasa mmoja, Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandaoni, inatosha kuanzia. Fungua web.archive.org/save, bandika anwani, subiri. Utapewa kiungo chenye tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Saa hiyo ni ya UTC, kwa hiyo kwa Dar es Salaam au Nairobi ongeza saa 3. Kurasa zinazodai nywila haitaweza kuzichukua.

Kama blogu ni yako, Blogger (huduma inayoendesha blogu za Blogspot) ina sehemu ya kupakua nakala kwenye mipangilio. Faili lake la XML lina maandishi na maoni, lakini picha hazimo. Zimeandikwa anwani zake tu. Picha zikiondolewa kwenye seva, faili hilo haliwezi kuzirudisha.

Kwa blogu nzima tumia wget, programu ya kupakua kurasa kwa amri unazoandika kwenye terminal. Wengi huipa ukurasa wa mwanzo na kuiacha ifuate viungo yenyewe, kisha wanashangaa makala za zamani hazipo. Sababu ni hii: kiungo cha makala za zamani hupitia anwani yenye /search, na robots.txt ya kawaida ya Blogger, faili linaloziambia programu zisiingie wapi, inakataza njia hiyo. wget huheshimu katazo hilo. Basi ongeza /sitemap.xml mwishoni mwa anwani ya blogu, nakili anwani za makala zote, uziweke kwenye faili la anwani.txt, moja kila mstari. Kisha:

wget --input-file=anwani.txt --page-requisites --span-hosts --adjust-extension --convert-links --wait=2 --warc-file=blogu

Usiache --span-hosts. Picha za Blogspot hazikai kwenye anwani ya blogu, ziko bp.blogspot.com au blogger.googleusercontent.com, na bila neno hilo wget haitoki kwenda kuzichukua. --wait=2 huacha sekunde 2 kabla ya kila ombi, seva isielemewe. --warc-file hutengeneza faili la WARC, muundo wa kimataifa wa kuhifadhi tovuti (ISO 28500), ambalo hubeba pia majibu ya seva kama yalivyotoka. Lifungue kwa ReplayWeb.page, kifaa cha kusomea faili za WARC.

Sasa kagua, na hapa usiwe na haraka. Zima intaneti kwanza. Picha ambayo haikupakuliwa, --convert-links huiachia anwani yake ya mtandaoni. Bando likiwa wazi, kivinjari kitaivuta kutoka huko na utadhani unayo. Intaneti ikiwa imezimwa, ingia kwenye folda zilizopakuliwa na wget, fungua makala ya zamani kabisa, ya mwisho, na ile yenye picha nyingi kuliko zote. Mahali pa picha pakiwa peupe, hiyo huna.

Angalia pia ukubwa. Anwani ya picha yenye s320 ni ya picha ndogo. Badili iwe s1600 upate kubwa, maana nyuso za watu kwenye s320 mara nyingi hazitambuliki vizuri. Video za YouTube hazimo kabisa, zipakue kivyake kwa yt-dlp, programu ya kupakua video. Blogu ikiwa ya mtu mwingine, mwombe ruhusa kabla ya kuitoa hadharani, hasa ikiwa na picha za watoto.

Weka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na moja ikae nyumba nyingine. Flashi peke yake usiiamini. Folda iite kwa jina na tarehe ikianza na mwaka, na ndani yake uweke faili fupi la maandishi linalosema nani alihifadhi, lini, kutoka anwani gani. Ndani ya folda hiyo andika sha256sum *.warc.gz > alama.txt, amri inayoandika alama ya utambulisho ya kila faili. Kila baada ya miezi 6 endesha sha256sum -c alama.txt kwenye kila nakala; faili lisilojibu OK limeharibika, lifute na uchukue zima kutoka kwenye nakala nyingine.