Sindano ya penisilini au upasuaji wa valvu: hesabu inaanzia wapi?

Swali: Daktari, shikamoo. Ninaratibu magonjwa yasiyoambukiza katika halmashauri yetu. Kwenye kikao cha bajeti nilieleza kwamba kumkinga mtoto na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, unaoharibu valvu za moyo, kwa sindano ya benzathini penisilini ni nafuu mno ukilinganisha na upasuaji wa valvu ya moyo. Mjumbe mmoja akauliza: "Basi kwa nini tusiwapime eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) watoto wote wa shule za msingi?" Nilikosa jibu. Unafuu wa namna hii unakokotolewaje?

Jibu: Marahaba, ndugu mratibu. Mjumbe wako ameuliza jambo la msingi, kwa sababu bei ya dawa si sawa na gharama ya kumkinga mtoto mmoja. Katika uchumi wa afya tunachukua gharama yote ya ziada na kuigawa kwa faida ya ziada, ambayo mara nyingi hupimwa kwa miaka ya maisha yenye afya. Hesabu huharibika pale upande wa gharama unapobeba bei ya kichupa cha dawa peke yake.

Tutumie takwimu za jirani zetu. Kaskazini mwa Uganda, utafiti wa GOAL, uliotoa matokeo mwaka 2021, uliwafuatilia kwa miaka miwili watoto wa miaka 5 hadi 17 ambao ugonjwa wa moyo wa rumatiki ulionekana kwenye eko ukiwa bado hauna dalili. Waliochomwa sindano kila baada ya wiki 4, ugonjwa uliendelea kwa 3 kati ya 399. Wasiochomwa, uliendelea kwa 33 kati ya 400. Kinga hiyo ni kubwa sana.

Sasa igeuze kuwa bajeti. Tofauti ni takriban asilimia 7.5, kwa hiyo unahitaji kuwachoma watoto kama 13 kwa miaka miwili ili kumwokoa mmoja. Kila mtoto anapata sindano 26, jumla kama 340. Hapo bado ni nafuu. Lakini ili kuwapata watoto 926 waliothibitishwa na kufaa kuingia kwenye utafiti, watoto 102,200 walipimwa eko, yaani karibu 110 kwa kila mmoja. Kwa hao 13 utapima zaidi ya 1,400. Mashine, mpimaji aliyefunzwa, usafiri wa shule kwa shule na kipimo cha pili cha kuthibitisha: fedha nyingi zinaishia huko. Tena kuendelea kwa ugonjwa kwenye eko hakumaanishi kwamba mtoto angefika kwenye upasuaji, hivyo usilinganishe moja kwa moja na bei ya valvu.

Kwa hiyo mimi ningeanza na wale ambao kuwatafuta hakukugharimu kitu: watoto na vijana waliokwisha kufika hospitalini na homa ya rumatiki, ile inayoanzisha ugonjwa huu, au moyo ulioathirika. Hatari yao ni kubwa zaidi, na majina yao yako kwenye mafaili yako. Wengi hupotea baada ya sindano chache, kwa sababu dawa imeisha, nauli hakuna, au sindano inauma. Bajeti ilipie rejesta, simu ya kuwakumbusha, akiba ya dawa, na muuguzi anayejua kukabili mzio mkali. Waliokwisha kuharibika valvu vibaya wapangiwe dozi na daktari wa moyo, maana baadhi yao ni salama zaidi kwa vidonge. Mkoani Pinar del Río, Kuba, mpango wa mwaka 1986 hadi 1996 uliojengwa juu ya mafunzo, usajili na ufuatiliaji ulipunguza sana wagonjwa wapya pamoja na gharama za kuwatibu.

Upasuaji nao usiuondoe kwenye jedwali. Valvu iliyokwisha kuharibika vibaya haitengenezwi na penisilini, na kijana anayefanyiwa upasuaji kwa wakati hupata miaka mingi ya kuishi. Ila ongeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya maisha yote kwa mwenye valvu ya chuma, vipimo vya damu vya mara kwa mara, na kwa wasichana, ushauri wa uzazi kabla ya upasuaji, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Niandikie idadi ya wagonjwa walioko kwenye rejesta yenu na wangapi walichomwa mwezi uliopita, nami nitakusaidia kujaza jedwali kabla ya kikao kijacho.