Maswali na Majibu: "Niliandika mto ni umoja, mbona nimekatwa alama?"

Swali: Mwalimu, shikamoo. Tunasoma *The River Between* ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwenye insha nilieleza kuwa mto Honia ni taashira (kitu kinachosimamia wazo fulani) ya umoja, kama mwongozo wetu unavyosema. Nimepata 7 kati ya 20. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Umoja umo, hukubuni kitu. Umepoteza alama kwa sababu umeishia hapo, na umeishia hapo kwa sababu mwongozo umekufundisha kwamba taashira ni kama msamiati: upande huu neno, upande ule maana yake. Hilo ndilo kosa linaloharibu insha nyingi za fasihi kuliko hata sarufi mbovu.

Rudi ukurasa wa kwanza. Vilima viwili, Kameno na Makuyu, vimelala kama simba, na mto unaopita kati yao ndio roho ya vyote viwili. Huo ndio umoja wako. Lakini soma mistari inayofuata: ukisimama bondeni, vilima vilevile vinageuka mahasimu wanaotazamana tayari kupigana. Mto haujahama. Kilichobadilika ni mahali anaposimama mtazamaji. Ngũgĩ amekuonya mapema kwamba Honia inaunganisha na inatenganisha kwa wakati mmoja, na hata neno "kati" (*Between*) lililomo katika jina la riwaya linabeba yote mawili.

Jina lenyewe nalo ungelitumia. *Honia* ya Kigĩkũyũ ni ndugu wa "ponya" yetu. Sasa angalia: ni kando ya mto huo, walipokwenda kuteka maji, Muthoni anamfichulia dada yake Nyambura kwamba anataka kutahiriwa, naye ni binti wa Joshua, mhubiri asiyetaka hata kulisikia jambo hilo. Siri iliyotamkwa kando ya mto wa kuponya inaishia kwenye kidonda kisichopona, na Muthoni anafia hospitali ya misheni, Siriana. Mwanafunzi anayeandika "mto = umoja" ataliwekaje tukio hilo?

Kwa Waiyaki, mhusika mkuu, mto unapima kukua kwake. Akiwa kijana, maji ya baridi ya Honia yanamtia ganzi kabla ya kisu cha tohara, kisha damu yake inadondoka na kuzama udongoni, na tangu hapo amefungwa na ardhi ile. Mwishoni anasimama karibu na mto huohuo mbele ya umati, na yeye na Nyambura wanatiwa mikononi mwa Kiama, baraza la wazee, wahukumiwe. Watu wanatawanyika gizani, mto unaendelea kutiririka kati ya vilima. Mahali palipomfanya mwanamume wa kabila ndipo kabila linapomkataa. Hoja hiyo ingekupa alama, kwa sababu inaonyesha taashira ikibadilika pamoja na mhusika.

Namna ya kufanya: chora safu nne kwenye daftari. Ukurasa, nani yupo, nini kimetokea kabla na baada, maneno gani yanautaja mto. Jaza angalau mara nne mto unapotajwa, ndipo uandike. Kila aya ianze na hoja, ifuatwe na nukuu fupi isiyozidi maneno 12 hivi, kisha sentensi tatu au nne za kueleza kwa nini maneno hayo, hapo, wakati huo. Wengi hunakili nusu ukurasa wa riwaya halafu wanaeleza kwa mstari mmoja. Mtahini hatoi alama kwa kunakili.

Pia si kila kitu ni taashira. Jembe laweza kuwa jembe tu. Jiulize: kinarudiwa? Kinatajwa mambo yakiwa mazito? Ukikiondoa, riwaya inapungukiwa? Kama majibu ni hapana, kiache.

Na hapa niseme wazi kuhusu wanaouza miongozo na noti za kwenye makundi ya WhatsApp, zenye jedwali la "nyekundu ni hatari, nyeupe ni usafi, bati ni ustaarabu wa kizungu". Wanawaibia watoto fedha na macho. Chukua hilo bati: nyumba ya Joshua ndiyo yenye paa la bati pale kilimani, ndiyo. Lakini riwaya inasema paa limeoza, mvua inapenya, na sehemu mbovu zimefunikwa vipande vya magunia. Magunia hayo ndiyo yenye habari, na hayamo kwenye jedwali kwa sababu aliyelitengeneza hakusoma kitabu. Mwanafunzi akilikariri, hata riwaya nyingine ataisoma akitafuta rangi na wanyama, na swali likigeuzwa kidogo tu chumba cha mtihani, kwa mfano "jadili jinsi mto unavyopingana na jina lake", kalamu inakwama.

Kama mwongozo umeshaununua, ufunge mpaka umalize riwaya mara mbili. Kisha ufungue na kalamu mkononi, uweke alama kila mahali ulipokudanganya.