Namba Huzaliwa Kwenye Rejista: Ushauri kwa Mtafiti Mpya wa Huduma za Afya Uganda

Ukianza kazi ya utafiti wa huduma za afya katika chuo cha afya ya umma hapa Uganda, mapema sana utapata ruhusa ya kuingia DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya imeutumia tangu 2012 kukusanya takwimu za vituo nchi nzima. Ndani ya saa moja unaweza kupakua miaka mitano ya mahudhurio na kuchora grafu nzuri. Nakuomba usichore kwanza. Omba ruhusa kwa afisa wa afya wa wilaya na kwa mkuu wa kituo, panda taksi uende kituo cha afya cha ngazi ya 3, ukae asubuhi nzima kando ya muuguzi anayejaza rejista ya wagonjwa wa nje. Usinakili jina la mtu yeyote. Tazama tu jinsi namba inavyozaliwa.

Utaona mgonjwa mmoja anachukua mstari mmoja: tarehe, namba ya mfululizo ya mwezi huo, jina, kijiji, umri, jinsia, mpya au marudio, kipimo, ugonjwa, dawa. Foleni ikiwa fupi mstari hujaa wote. Foleni ikifika mlangoni, safu za katikati hubaki wazi na muuguzi huahidi kuzijaza jioni. Mwisho wa mwezi mtu, mara nyingi muuguzi huyo huyo, hupiga vijiti vya kuhesabia kwa makundi ya umri na kuhamishia jumla kwenye fomu ya HMIS 105, ripoti ya mwezi ya wagonjwa wa nje. Wagonjwa waliolazwa huenda kwenye fomu ya 108. Ripoti inatakiwa wilayani kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na hapo ndipo haraka inapoingia.

Makosa yana njia zake, na ukizijua unayakuta yalipo. Rejista iliyochapishwa ikijaa kabla mpya haijaletwa, kituo hununua kaunta buku na kuchora mistari kwa rula. Mwisho wa mwezi anayehesabu hufungua rejista rasmi na kuisahau kaunta buku, na wiki mbili za wagonjwa hupotea. Mgonjwa aliyerudi baada ya siku nne kwa homa ile ile huandikwa mpya. Malaria huandikwa kabla majibu ya maabara hayajarudi, na majibu yakiwa hasi hakuna anayerudi kufuta. Mtoto wa miezi 11 huingia kundi la mwaka mmoja kwa sababu mama alisema "ana mwaka". Hakuna uovu katika haya. Ni kazi nyingi kwenye mikono michache, na mtafiti anayeyaandika kana kwamba ni uzembe wa muuguzi hajaelewa alichokiona.

Kabla ya kuamini takwimu za kituo chochote, fanya hesabu hii ndogo. Chagua viashiria vinne vinavyotoka rejista tofauti: malaria iliyothibitishwa kwa kipimo, hudhurio la kwanza la mjamzito, uzazi kituoni, na dozi ya tatu ya pentavalenti, chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano. Chukua miezi mitatu. Hesabu upya kwa mkono kutoka kwenye rejista, kisha gawanya ulichohesabu kwa kilichoripotiwa. Kituo kikiripoti uzazi 120 na wewe ukahesabu 96, unapata 0.80, maana yake ripoti imezidi rejista kwa robo nzima. Kati ya 0.90 na 1.10 unaweza kuendelea. Ukipata 1.40 usifurahi kwamba kituo kinafanya kazi kuliko kinavyosema: tafuta karatasi ya kuhesabia iliyopotea. Halafu linganisha fomu ya karatasi na kilichomo DHIS2, kwa sababu kosa la kuingiza namba wilayani ni jambo lingine kabisa, na dawa yake ni nyingine.

Kigawanyo nacho, yaani idadi ya watu ambao kituo au wilaya inatarajiwa kuwahudumia, kina matatizo yake. Ukiona wilaya imechanja asilimia 112 ya watoto, usiandike kwamba data ni mbovu ukaishia hapo. Kwa miaka mingi makadirio ya watu yalitokana na sensa ya 2014, iliyohesabu watu milioni 34.6, na sensa ya 2024 ikakuta milioni 45.9. Katikati hapo wilaya ziligawanywa, na akina mama waliendelea kupeleka watoto kwenye kituo kilicho karibu hata kama kiko wilaya ya jirani. Kituo kilicho kando ya barabara kuu au mpakani Busia huhudumia watu ambao hawamo katika kigawanyo chake. Uliza wanatoka wapi. Safu ya kijiji kwenye rejista itakujibu.

Kuhusu vibali, nasema wazi: panga miezi mitatu hadi sita, na usiwaajiri wasaidizi wa utafiti kabla karatasi ya mwisho haijatoka. Andiko la utafiti hupita kwanza idarani, kisha kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Utafiti wa kujaribu dawa huongeza Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Kuingia makazi ya wakimbizi huongeza Ofisi ya Waziri Mkuu. Baada ya hapo kuna barua za wilaya: afisa tawala mkuu, afisa wa afya, na kamishna mkazi wa wilaya. Ukienda nyumbani kwa watu, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, lazima ajue kabla ya boda boda yako kuonekana kijijini.

Mambo yanayorudisha andiko ni yale yale kila mara: fomu ya ridhaa iko kwa Kiingereza peke yake, toleo na tarehe kwenye fomu havilingani na vilivyo kwenye andiko, dodoso halijaambatishwa, au hakuna maelezo ya namna data itakavyolindwa, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inalitaka. Andika kwenye kalenda siku ambayo kibali cha kamati kitakwisha. Huwa ni cha mwaka mmoja, na data iliyokusanywa siku moja baada ya kuisha ni data usiyoweza kuitumia.

Kama unafanya kazi na wajawazito, kumbuka wasichana wa miaka 16 na 17. Mwongozo wa taifa unamtambua msichana aliye chini ya miaka 18 ambaye ni mjamzito, ameolewa, ana mtoto au anajitegemea kuwa anaweza kutoa ridhaa mwenyewe. Watafiti wengi huwaacha nje kwa woga, kisha wanaandika matokeo kuhusu "wajawazito wa wilaya" huku wale walio hatarini zaidi hawamo.

Sampuli. Fomula ya kawaida, kwa uwiano wa asilimia 50 na kosa la asilimia 5, hukupa watu 385. Wanafunzi wengi huishia hapo, na ni kosa, kwa sababu wagonjwa wa kituo kimoja wanafanana: wamehudumiwa na watu wale wale, kwa dawa zile zile. Ukihoji 20 kwa kila kituo, na mfanano wa ndani ya kituo ukiwa 0.05, zidisha kwa 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95. Hapo 385 inakuwa 751. Ongeza nafasi ya asilimia 10 ya watakaokataa, unafika 835, ambao ni vituo 42. Ukihoji 10 tu kwa kila kituo, kizidisho kinashuka hadi 1.45 na unahitaji watu 622, lakini vituo vinakuwa 63. Mafuta ya gari ndiyo yatakayoamua. Mwite mhasibu wa mradi kwenye kikao hicho, asisubiri kuletewa bajeti iliyokwisha kuandikwa.

Ukipima upatikanaji wa dawa, tarehe ya ziara ni kila kitu. Bohari ya taifa ya dawa hupeleka dawa kwa mzunguko wa miezi miwili, na vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 hupokea kasha lililopangwa tayari, wakati ngazi ya 4 na hospitali huagiza zenyewe. Ukifika wiki ya kwanza baada ya lori, rafu zimejaa na dawa mseto ya malaria ipo. Ukifika wiki ya saba, utaandika kituo hakina dawa. Vituo vyote viwili vinaweza kuwa sawa kabisa. Kwa hiyo andika tarehe ya mwisho ya kupokea dawa kama swali la lazima, na usitosheke na rafu ya siku hiyo: chukua kadi ya stoo, hesabu siku ambazo salio lilikuwa sifuri katika miezi sita iliyopita. Kadi ikiwa haijajazwa, iandike hivyo, na usikisie.

Sasa lugha, ambako utafiti mwingi mzuri huharibikia. Kuna wanaodhani Uganda haihitaji dodoso la Kiswahili, kwamba Luganda, Lusoga na Lugbara zinatosha. Nenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali au Kyaka II, ambako Wakongo wengi wanazungumza Kiswahili, halafu uliza tena. Ila usichukue dodoso lililotafsiriwa Dar es Salaam ukalisoma hivyo hivyo. Kwa Mkongo, munganga ni daktari wa hospitali. Kwa msomaji wa Kiswahili cha pwani, mganga kwanza ni wa mitishamba. Swali "Mtoto alipopata homa, ulimpeleka kwa mganga?" litakupa jedwali zima la ndiyo, na utaandika kwamba wakimbizi wanakimbilia tiba ya jadi, kumbe walikwenda kituoni. Tafsiri, mpe mtu mwingine airudishe Kiingereza bila kuona asili, kisha kaa na watu watano au sita wa pale pale, uwaulize kila swali wanalielewaje kwa maneno yao. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayoachwa, na ndiyo inayomnasa munganga.

Mahojiano ya wagonjwa wanaotoka kituoni yafanyie mahali ambapo muuguzi haonekani wala hasikiki. Mtu anayejua atarudi wiki ijayo hatasema alifokewa. Badala ya "Uliridhika?", ambalo karibu kila mtu hujibu ndiyo kwa adabu, uliza vitendo: alikupima shinikizo la damu? Alikueleza dawa unywe mara ngapi? Ulilipa chochote, wapi, kwa nani? Hili la mwisho ni zito, kwa sababu ada katika vituo vya serikali zilifutwa 2001, isipokuwa wodi za kulipia hospitalini, na jibu linaweza kumgharimu mtu. Wagonjwa huja kwa wingi kati ya saa mbili na saa saba mchana. Ukianza saa nne umekosa waliotoka mbali alfajiri. Uliza pia siku za kliniki ya wajawazito na siku ya soko, na ujue kwamba mahudhurio hubadilika msimu wa kupanda mazao.

Programu za kukusanyia data kwenye tableti, kama ODK na Kobo, ni rahisi kujifunza. Hakikisha zinafanya kazi bila mtandao, tuma data kila jioni, beba betri ya akiba.

Wasaidizi wa utafiti wanahitaji mafunzo ya siku tano, mbili kati yake za kujaribu dodoso katika kituo kisichomo kwenye sampuli. Walipe kwa siku. Ukilipa kwa kila dodoso, umewaomba wabuni majibu. Angalia muda wa kuanza na kumaliza: dodoso la dakika 40 lililokwisha kwa dakika 9 halikuulizwa. Rudia kwa simu maswali matatu manne kwa mshiriki mmoja katika kila kumi, na waambie wasaidizi tangu mwanzo kwamba utafanya hivyo. Kwa mahojiano yaliyorekodiwa, saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika, na zaidi ikiwa kuna tafsiri. Wanaosahau hili hukaa na rekodi ambazo hakuna aliyezisikiliza.

Kuna jambo la kuamua kabla ya kwenda, likiwa limeandikwa: mtafiti afanye nini akiona hatari? Mama anavuja damu wodini na mkunga yuko peke yake na wengine watatu. Utaendelea kujaza fomu ya uangalizi, ile ya kuandika unachokiona? Andiko liseme wazi kwamba uangalizi husimama, nani anaitwa, na kwa simu ipi. Vivyo hivyo kwa mhudumu asiyekuwepo kazini. Wilaya itakuomba majina, na ikiwa uliwaahidi watumishi usiri huwezi kuyatoa. Sampuli ya vituo vitatu katika wilaya moja haina usiri wa kweli, maana kila mtu anajua mkunga wa kituo kile ni nani. Ama uongeze vituo, ama uunganishe wilaya wakati wa kuripoti, ama usiahidi.

Matokeo yarudishe wilayani kabla ya mikutano ya bajeti, ambayo huanza karibu Oktoba na Novemba, kwa sababu mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kufikia Mei mambo mengi yamekwisha kufungwa. Afisa wa afya apewe kurasa mbili. Mkuu wa kituo apewe moja: namba za kituo chake, zikilinganishwa na wastani wa wilaya bila kutaja vituo vingine, pamoja na ile hesabu ya rejista. Mpelekee kwa mkono, umkabidhi mbele ya muuguzi aliyekuonyesha kaunta buku.